Anzia kwenye betri: kubadilisha vifaa vya urambazaji kwenye boti ya zamani

Mwenye boti mmoja wa Kunduchi aliniita nimtazamie skrini yake ya ramani. Kila akiwasha injini ya pili, skrini inazima, inajiwasha tena, na kwa karibu dakika nzima nahodha hana ramani wala kina. Alikuwa ameshabadilisha skrini moja na yuko tayari kununua ya tatu. Nikapima umeme kwenye betri: volti 12.5. Nikapima nyuma ya skrini redio ikiwa inarusha sauti: volti 10.1. Volti 2.4 zilikuwa zinapotelea njiani, chini ya sakafu, kwenye kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe, shaba yake imegeuka kijani chote. Nilikikata, nikavuta waya mpya, na skrini ile iliyokuwa inaitwa mbovu ikatulia.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na skrini. Boti ya miaka 25 au 30 inaua vifaa vipya kwa waya wake wa zamani, na pesa nyingi ninazoona zikipotea pwani hii zinapotelea hapo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: boti ya faiba ya futi 26 iliyoundwa miaka ya 1990, injini mbili za nje, inayotoka Dar es Salaam kwenda kuvua Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha mbali baharini, na mara nyingine inavuka Unguja. Kama yako ni kubwa au ndogo zaidi, vipimo vitabadilika, lakini mpangilio wa kazi ni huu huu.

Hatua ya 1: Fahamu ulichonacho, na uokoe alama zako

Piga picha kila kitu kabla hujakata waya hata mmoja. Nyuma ya dashibodi, kwenye betri, chini ya sakafu, kwenye mguu wa antena. Funga kipande cha utepe mweupe kwenye kila waya na uandike unatoka wapi, unakwenda wapi. Usioujua mwisho wake, ufuate kwa mkono mpaka uujue. Boti ya umri huu imepita kwa mafundi wengi na kila mmoja ameacha waya wake. Zilizokufa zitoe zote, ila jihadhari na waya wa pampu ya ngama, ile inayotoa maji yaliyoingia botini: mara nyingi umeungwa moja kwa moja na betri ili pampu ifanye kazi boti ikiwa imetia nanga bila mtu. Huo usiuguse, au ukiugusa, urudishe ukiwa na fyuzi yake.

Kisha okoa alama. Nahodha aliyevua miaka 15 ana mamia ya alama ndani ya GPS yake ya zamani: vichwa vya miamba, mabaki ya meli zilizozama, mlango wa kuingilia usiku. Hizo zina thamani kuliko kifaa chenyewe. Kama kifaa kina kadi, zihamishe kwa kadi. Kama hakina, kaa na daftari uziandike moja moja, digrii na dakika mpaka tarakimu tatu baada ya nukta.

Lakini kabla hujaandika ya kwanza, ingia kwenye mipangilio utazame kifaa kinatumia datumu gani. Datumu ni umbo la dunia ambalo hesabu ya latitudo na longitudo imejengwa juu yake. GPS ya leo inahesabu kwa WGS84. Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zilitumia datumu iitwayo Arc 1960, na kwetu huku mwamba mmoja ukiandikwa kwa Arc 1960 na kwa WGS84, namba zinaachana kwa karibu mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Boti iliyokuja imetumika Japani inaweza kuwa na kifaa kilichoachwa kwenye datumu ya Tokyo, na hapo kosa ni mamia ya mita zaidi. Mita 300 kwenye Fungu Yasini si kosa dogo. Ni tofauti kati ya maji ya kina na matumbawe.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye kifaa cha zamani, badili datumu iwe WGS84 uone namba za alama zikibadilika zenyewe, kwa kuwa vifaa vingi huhifadhi mahali kwa WGS84 kwa ndani na kugeuza maonyesho tu. Ndipo uandike. Ukimaliza, thibitisha kwa mahali unapopafahamu bila shaka, kama gati unalofungia kila siku. Alama ambazo mtu alizisoma kwenye ramani ya karatasi na kuziingiza kwa mkono ziwekee alama ya kuuliza, uzihakiki majini moja moja.

GPS ya zamani ikionyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, sababu inajulikana. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilirudi Aprili 2019. Mahali panaweza kuwa sahihi bado, lakini jedwali la maji kujaa na kupwa ndani ya kifaa hicho usiliamini tena.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndipo panapostahili.

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji. Volti 12.6 au 12.7 ni imejaa, 12.2 ni kama nusu. Washa injini upime tena: unataka kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, tatizo liko kwenye kuchaji, na hakuna skrini itakayolitatua. Kisha washa kila kitu, mtu abonyeze kitufe cha redio irushe, na wewe upime nyuma ya dashibodi. Tofauti kati ya kipimo hicho na kile cha kwenye betri kwa wakati huohuo ndiyo inayokuambia hali ya waya wako.

Vifaa vya urambazaji viwe na betri yake, mbali na betri ya kuwashia injini. Starta ikizunguka, volti za betri yake zinaweza kushuka chini ya 10 kwa sekunde moja au mbili, na skrini nyingi huzimika hapo. Betri hizo mbili ziunganishe kwa relei inayosoma volti: injini ikichaji, relei inaziunganisha zote zipate chaji; injini ikizimwa na volti zikishuka, inazitenganisha. Ukishinda umetia nanga ukisikiliza redio na kutazama samaki, betri ya kuwashia inabaki imejaa ya kukurudisha nyumbani.

Sasa unene wa waya kutoka betri hadi dashibodi. Usikisie, piga hesabu. Tuseme njia ya waya ni mita 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10. Skrini inakula ampea 2, redio ikirusha kwa wati 25 inakula kama 6, AIS (kifaa cha kuonyesha meli zilizo karibu) na vidogo vingine 1, jumla 9. Kwa vifaa vya urambazaji hutakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 3, ambayo kwenye volti 12 ni 0.36. Zidisha 0.0175, ambayo ni ukinzani wa shaba, kwa mita 10, kwa ampea 9, ugawe kwa 0.36. Unapata 4.4. Waya wa milimita mraba 4 hautoshi. Chukua wa 6. Ukijua kwamba mwakani utaongeza rada, chukua wa 10 leo, kwa sababu kufungua sakafu mara mbili ni gharama kubwa kuliko shaba.

Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Waya wa kuwekea taa za nyumbani, ule wenye uzi mmoja mnene, usiuingize kwenye boti hata kama fundi anakuapia. Mtikisiko unaukata ndani ya ganda lake na hutaona kitu kwa nje. Shaba tupu isiyo na bati hunyonya chumvi kama utambi, ukaukuta ni mweusi mita nzima ndani ya ganda.

Viungo vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa plaisi, kisha vivishwe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Solda peke yake siipendi: inaugeuza waya kuwa mgumu mahali pamoja, na boti ikipiga mawimbi unakatika hapo hapo.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 18 kutoka kwenye kichwa cha chanya. Fyuzi inalinda waya usiwake moto. Ikiwekwa mwisho wa waya, waya wote kabla yake hauna mlinzi. Kwenye dashibodi weka kisanduku cha fyuzi, kila kifaa na fyuzi yake ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu chake. Hasi zote zirudi kwenye kipande kimoja cha shaba, na rangi yake iwe ya njano ili isichanganywe na nyaya za umeme wa nchi kavu kama boti inao. Karibu na dira, nyaya za chanya na hasi zisokote pamoja. Zikienda mbalimbali, uga wake wa sumaku unaivuta sindano.

Hatua ya 3: Nini ununue, na kwa mpangilio gani

Mpangilio wangu ni huu, na najua wengine watabishana: redio ya VHF yenye DSC kwanza, chatiplota yenye kipima kina pili, AIS tatu, rada mwisho.

Redio kwanza, kwa sababu siku mambo yakiharibika ndiyo itakayoleta mtu. DSC ni kitufe chekundu kilichofunikwa; ukikibonyeza na kukishikilia, redio inatuma kwenye chaneli ya 70 ujumbe wenye namba ya chombo chako na mahali ulipo, hata kama huwezi kuzungumza. Nunua iliyo na GPS ndani yake, ili skrini ikifa redio bado ijue ilipo.

Chatiplota ni skrini ya ramani ya bahari iliyoungana na GPS. Kwa boti ya futi 26 inchi 9 zinatosha; inchi 12 ni nzuri kama dashibodi ina nafasi. Jambo la kuuliza dukani ni mwangaza wake juani, kwa kuwa skrini inayopendeza ndani ya duka huwa nyeusi tii saa saba mchana ukivaa miwani ya jua. Ya pili ni ramani. Kifaa kilichonunuliwa Marekani huenda kikaja na maziwa na pwani za Marekani, na bahari yetu ikawa doa la buluu. Kabla hujalipa, hakikisha kadi ya Navionics au C-MAP unayonunua inafunika pwani ya Afrika Mashariki, na bei yake uiingize kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa upande wa samaki, masafa ya kilohezi 200 yanaonyesha vizuri maji ya kina kifupi, na 50 yanafika chini sana lakini kwa picha isiyo na makali. Pembeni ya Fungu Kizimkazi sakafu ya bahari inaporomoka upesi, kwa hiyo hapo unahitaji yote mawili. Wati 600 zinatosha kuvua kwenye miamba. Mwenye kufuata samaki wa vilindini atafute kilowati 1 na transdusa, yaani kifaa cha majini kinachotuma mlio, inayolingana.

AIS inakuonyesha meli kubwa, jina lake, mwendo wake na itakapokupitia. Chukua inayopokea na kutuma, ya daraja B, ili nao wakuone. Lakini kumbuka kwamba mashua, ngalawa na boti nyingi za wavuvi wetu hazina AIS, na nyingine hazina hata taa. Skrini ikiwa tupu, bahari bado ina watu.

Rada ni kifaa kizuri, na usiku wa masika mvua ikifunika Unguja yote utaishukuru. Tatizo ni bei yake, uzito wake juu ya paa, na nahodha kutojifunza kuisoma. Kama pesa zina mwisho, ningezitia kwanza kwenye EPIRB ya megahezi 406, kifaa kinachotuma ishara ya dharura kwa setelaiti, nawe utaona sababu kwenye hatua ya antena.

Hatua ya 4: Dashibodi

Toa vifaa vya zamani, na badala ya kuziba tundu moja moja, kata paneli nzima mpya ya plastiki ngumu au akriliki nene uifunike. Bandika karatasi ya kipimo iliyokuja na kifaa, simama kwenye usukani kama unavyosimama ukiendesha, uone kama mkono unafika na jua halipigi. Dira ya sumaku iache mahali pake. Kila kitabu cha kifaa kimeandika umbali salama kutoka kwenye dira. Spika ya redio ndiyo mkorofi mkubwa.

Hatua ya 5: Transdusa

Mabaharia wa zamani walishusha bildi, kamba yenye risasi, wakasoma pima. Transdusa ni bildi ya sauti: inatuma mlio chini na kuusikiliza ukirudi. Adui yake ni mapovu. Nusu ya malalamiko ya kipima kina kupotea boti ikikimbia si kosa la skrini, ni transdusa iliyowekwa ndani ya mapovu.

Kwa boti yenye injini moja, ifunge tezini, yaani kwenye ukuta wa nyuma wa boti, upande wa kulia, ambako mapanga ya propela ya kawaida yanateremka. Kwa injini mbili, weka katikati yake. Iepushe na mistari iliyochomoza chini ya faiba na matundu ya maji, kwa kuwa mapovu huzaliwa nyuma ya vitu hivyo. Uso wake uwe chini kidogo ya faiba, milimita chache tu, na uwe mlalo. Kabla hujatoboa, mwombe mwenzako aendeshe kwa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) na wewe utazame tezini maji yanapotoka: mahali palipo kama kioo ndipo pake, penye povu jeupe hapana.

Sasa kutoboa kwenyewe. Tezi ya boti nyingi za zamani ni mbao ya tabaka iliyofunikwa faiba. Tundu la skrubu lisilozibwa vizuri linaingiza maji, mbao inaoza kimya kimya, na baada ya miaka michache tezi inayobeba injini mbili inalegea. Mimi nagundisha kwanza kipande cha plastiki nene kwa epoksi, kisha naifunga transdusa kwenye kipande hicho, skrubu zisifike kwenye mbao. Ukilazimika kutoboa mbao, toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, ikikauka utoboe tundu dogo ndani yake. Ziba kwa gundi ya baharini kama Sikaflex. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki, haifai hapa.

Kama faiba ya chini ni nzito na haina povu wala mbao katikati, transdusa ya kawaida inaweza kukaa ndani ya boti na kusoma kupitia faiba. Ijaribu bila kutoboa wala kugundisha: itie kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, uilaze sakafuni dhidi ya faiba, boti ikiwa majini. Ikisoma kina vizuri, hapo panafaa. Utapoteza nguvu kidogo, na zile picha za pembeni na za chini zenye kuonyesha umbo la mwamba hazitafanya kazi kwa njia hii. Kwa boti ya mbao, usitumie transdusa ya plastiki ya kupenya chini. Mbao ikivimba kwa maji inaibana mpaka inapasuka. Hapo tumia ya shaba nyeusi.

Kebo yake usiikate kuifupisha. Ikunje kwa mzunguko mpana, na uipitishe mbali na kebo ya redio na nyaya za injini.

Hatua ya 6: Antena na redio

Chukua kebo ya antena ya zamani, ikate sentimita kumi mwishoni, utazame ule wavu wa shaba ulio ndani. Ukiwa mweusi, maji yameshaingia, na redio mpya ya bei yoyote itarusha sauti ndani ya waya uliooza. Badilisha kebo yote. Kwa mita 6 au 7, kebo ya aina ya RG-8X inatosha. Ile nyembamba ya RG-58 ikwepe. Ukiweza kuazima mita ya SWR, inayopima nguvu inayorudishwa na antena, isome redio ikirusha: 1.5 ni vizuri sana, 2 ndiyo mwisho wa kuvumilia.

VHF husafiri kwa mstari wa macho, kwa hiyo urefu wa antena juu ya maji ni kila kitu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini mpaka upeo wake. Ncha ya antena ikiwa mita 4 juu ya maji, ni maili 4.4. Boti mbili za namna hiyo zitasikilizana karibu maili 9. Kituo cha nchi kavu chenye antena mita 100 juu kina upeo wa maili 22, ukijumlisha na zako ni kama 26 au 27. Fungu Kizimkazi liko zaidi ya kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, yaani maili zaidi ya 32. Piga hesabu mwenyewe. Huko redio yako inaweza kufika kwenye meli inayopita na isifike nyumbani, na ndiyo sababu ya kutaka EPIRB, ambayo huzungumza na setelaiti.

GPS ya nje iwekwe mahali inapoona mbingu yote, afadhali chini kuliko juu sana, kwa kuwa juu ya mlingoti inayumba na kuonyesha mwendo ambao boti haina. Iache kama mita moja kutoka antena ya redio.

Baada ya hapo, namba ya chombo, MMSI. Ina tarakimu tisa, na tatu za mwanzo ni za nchi: 674 au 677 kwa Tanzania, 634 kwa Kenya. Inaombwa pamoja na leseni ya redio ya chombo, kwa Tanzania TCRA na kwa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano. Ichape kwa utulivu, maana redio nyingi zinakuruhusu mara moja au mbili kisha zinajifunga. Usibuni namba, wala usiache ile iliyokuwamo kwenye kifaa cha mtumba. Ukibonyeza kitufe chekundu kikiwa na namba ya mtu mwingine, waokoaji wataanza kumtafuta mwenye namba hiyo, na familia yake ndiyo itakayopigiwa simu.

Hatua ya 7: Vifaa vizungumze

Vifaa vya leo huunganishwa kwa mtandao uitwao NMEA 2000. Ni waya mkuu mmoja unaopita botini, na kila kifaa kinaning'inia juu yake kwa tawi lake, lisilozidi mita 6. Kila ncha ya waya mkuu inafungwa kizibo chenye omu 120, na umeme wa volti 12 unaingia sehemu moja tu, kwa fyuzi yake. Ukimaliza kuunga, zima umeme, pima kwa mita kati ya waya mweupe na wa buluu. Unataka omu 60. Ukipata 120, kizibo kimoja hakipo. Ukipata 40, kuna kizibo cha tatu kimejificha mahali. Kipimo hiki kimoja kimeniokolea siku nzima za kutafuta.

Vifaa vya zamani vinatumia NMEA 0183, ambayo ni mzungumzaji mmoja na wasikilizaji kadhaa kwa nyaya mbili. Mwendo wake wa kawaida ni biti 4800 kwa sekunde, na kwa AIS ni 38400. Pande mbili zikiwa na mwendo tofauti hazitaelewana hata nyaya ziwe sawa. Usukani wa kujiendesha wa zamani ukiwa bado na nguvu, usiutupe: chatiplota nyingi mpya bado zina nyaya za 0183 za kuulisha. Rangi za nyaya hizo hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo fuata kitabu. Saa za injini, za joto na mizunguko, ziache zilivyo. Kuzigeuza ziingie kwenye skrini kunahitaji vigeuzi vya bei, na skrini ikifa unapoteza na joto la injini pia.

Hatua ya 8: Mipangilio kabla ya kutoka

Datumu: WGS84. Vipimo vya kina: chagua mita au pima, usichanganye. Kisha amua kina kinachoonyeshwa kinahesabiwa kutoka wapi: kutoka kwenye transdusa, kutoka usawa wa maji, au chini ya propela. Mimi napenda chini ya propela. Vyovyote utakavyochagua, kiandike kwenye kibandiko pembeni ya skrini, maana atakayeshika usukani kesho huenda si wewe. Na kina kilichoandikwa kwenye ramani ni cha maji yakiwa yamekupwa mwisho. Kwetu bamvu kubwa linapandisha maji karibu mita 4, kwa hiyo mwamba uliopita juu yake asubuhi bila kuujua unaweza kukuvunjia propela jioni, na namba ya kwenye ramani haijabadilika.

Tafuta pia kwenye kifaa daraja la ubora wa upimaji wa ramani, linaloandikwa kwa herufi. A1 maana yake mahali hapo pamepimwa kwa usahihi wa mita 5. C ni mita 500. Sehemu za pwani yetu zilipimwa zamani kwa bildi na macho. GPS yako inajua ulipo kwa mita chache, lakini aliyechora mwamba huenda hakujua mwamba wenyewe uko wapi kwa usahihi huo, na boti ndogo kwenye skrini ikielea katikati ya maji yaliyochorwa meupe, yaani ya kina, haijathibitisha kitu. Rangi ya maji, mawimbi yanayovunjika na kina kinachosomeka sasa hivi vina neno kuliko mchoro.

Na usiishi kwenye ramani iliyosogezwa mbali. Tarehe 29 Novemba 2014 boti ya mashindano ya Team Vestas Wind, yenye vifaa bora kuliko vyetu sote, ilipanda usiku juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Miamba ilikuwamo kwenye ramani yao. Haikuonekana wazi kwa kipimo cha mbali walichotazama wakati wa kupanga safari. Kabla ya kila safari ifuate njia yako yote kwa kidole, ramani ikiwa imesogezwa karibu, kipande kwa kipande. Njia inayojichora yenyewe kwa kitufe kimoja usiifuate kabla ya kufanya hivyo.

Hatua ya 9: Majini

Siku ya kwanza toka mchana, bahari shwari, mahali unapopajua. Ukiwa bado gatini, washa kila kitu, kisha washa injini moja baada ya nyingine. Skrini isipepese. Punguza ukimya wa redio (kitufe cha squelch) mpaka usikie mchakacho wa hewani, halafu washa na kuzima taa za LED, pampu na chaja za simu kimoja kimoja. Kinachoongeza kelele ndicho kinachoziba masikio ya redio yako. Jaribio la sauti lifanye na boti mwenzako kwenye chaneli ya kazi, si ya 16, ambayo ni ya dharura. Kitufe chekundu usikijaribu kamwe.

Kwenye maji, panda mwendo taratibu ukitazama kina: noti 5, 10, 15, 20. Kikipotea kwenye 15, ishushe transdusa milimita mbili au ubadili mwinamo wake kidogo, ujaribu tena. Zunguka duara polepole ulinganishe dira ya sumaku na mwelekeo wa kifaa, kwanza vifaa vingine vikiwa vimezimwa, kisha vikiwa vimewashwa. Sindano ikihama, kuna spika au waya uliowekwa karibu mno. Nenda kwenye alama tatu au nne ulizohamisha, zile unazoweza kuziona kwa macho, uhakikishe zipo zilipo. Rudi tena siku nyingine baada ya jua kuzama, ujifunze kupunguza mwanga wa skrini bila kutafuta kitufe, kwa kuwa skrini kali usiku inakunyima macho ya kuona ngalawa isiyo na taa.

Ndani ya boti acha mfuko usioingia maji wenye fyuzi za kila ukubwa, mchoro wa nyaya uliouchora kwa mkono na kuufunika plastiki, na simu ya akiba yenye ramani iliyokwisha kupakuliwa. Nakala ya alama zako iwe nyumbani. Na kila mwezi fungua kiungo cha antena nyuma ya redio uking'arishe. Ukiona kijani kinaanza, usisubiri mwezi ujao.